Je, Wajua? Tumbo la Mtoto, Mdomo wa Mzazi

Kwamba swali la mama laweza kuongeza malalamiko ya maumivu?

Mwaka 2006, Lynn Walker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio ambalo lingefaa kusimuliwa katika kila kliniki ya watoto. Waliwakusanya watoto zaidi ya 200. Baadhi walikuwa na maumivu ya tumbo ya mara kwa mara, wengine walikuwa wazima kabisa. Wote wakapewa maji wanywe mpaka tumbo lijae tele, njia salama ya kulisumbua tumbo kidogo bila kumdhuru mtu. Kisha mzazi akaingia. Kundi moja la wazazi lilikuwa limefundishwa kulizungumzia tumbo: kuuliza linaumaje, kutoa pole, kuonyesha kujali. Kundi la pili lilifundishwa kuyageuza mazungumzo yaende kwingine. La tatu halikuambiwa lolote.

Ukilinganisha na kundi hilo la tatu, malalamiko yaliongezeka karibu maradufu pale mzazi alipoliuliza tumbo habari zake, na yakapungua kwa nusu pale alipozungumza mengine. Ilikuwa hivyo kwa watoto wagonjwa na kwa wazima pia. Lakini lililonishangaza mimi zaidi ni hili: watoto walisema aliyewafanya wajisikie nafuu ni mzazi aliyegeuza mazungumzo, ilhali wazazi wa watoto wagonjwa waliamini kwamba kugeuza mazungumzo ndiko kungewaumiza watoto wao zaidi ya kuwapa pole.

Sasa njoo nyumbani, Kianjai kule Meru au Runyenjes kule Embu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mtoto amevaa sare, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, amejikunja. "Linauma wapi? Linauma sana? Jana ulikula nini? Au twende hospitali?" Mama hana kosa lolote, hayo ndiyo maswali ya mtu anayempenda mwanawe. Ila kila swali linamrudisha mtoto ndani ya tumbo lake kutafuta jibu, na lazima atapata la kujibu.

Kwamba maumivu hayo si uongo hata kidogo?

Mtu akisikia kwamba maumivu ya namna hii yana "tiba ya kisaikolojia", mara nyingi huelewa kwamba mtoto anajifanya, au kwamba kichwa chake kina kasoro. Yote mawili si kweli. Ukuta wa utumbo una seli za neva zisizopungua milioni 100, mtandao unaoweza kuendesha kazi ya usagaji wa chakula hata bila kungoja amri ya ubongo, lakini wenye kuzungumza na ubongo mchana na usiku. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali ambayo wengi huihusisha na furaha na huzuni, hutengenezwa huko huko tumboni.

Kwa baadhi ya watoto, neva hizo huwa nyepesi mno kuhisi. Gesi ya githeri ambayo kaka yake haitambui kabisa, yeye inamkunja. Mara nyingine hali hii huanza baada ya ugonjwa wa kweli wa kuhara: viini vimekwisha, lakini neva zimebaki kama king'ora cha gari kinacholia hata paka akipita. Hofu, uchovu na kukosa usingizi huzidisha. Daktari akimpima mtoto wa namna hiyo hakuti kidonda wala uvimbe, kwa kuwa viungo ni vizima. Kilichoyumba ni utendaji wake na jinsi ubongo unavyopokea habari zake. Maumivu yenyewe ni yale yale. Kumwambia mtoto huyo "huumwi" ni kumwambia jambo analojua kuwa si kweli, na kuanzia hapo atalazimika kulia kwa nguvu zaidi ili aaminiwe.

Kwamba kitovu kina neno la kumwambia daktari?

Mwaka 1958, daktari wa watoto John Apley wa Bristol, Uingereza, pamoja na mwenzake Nora Naish, walichunguza watoto wa shule 1,000. Karibu mmoja kati ya kila 10 alikuwa ameumwa na tumbo angalau mara tatu katika kipindi cha miezi mitatu au zaidi, kiasi cha kumvurugia shughuli zake. Kutoka kwa Apley madaktari walirithi kanuni ambayo bado hutajwa wodini: kadiri maumivu yanavyokuwa mbali na kitovu, ndivyo uwezekano wa kupata ugonjwa wa kiungo fulani unavyoongezeka. Mtoto anayeweka kiganja kizima juu ya kitovu na kusema "hapa pote" hutia wasiwasi kidogo kuliko anayeonyesha kwa kidole kimoja upande wa chini kulia.

Uchambuzi uliojumlisha tafiti za nchi nyingi mwaka 2015 ulipata asilimia 13.5 ya watoto wenye maumivu ya aina hii. Kwa kiwango hicho, darasa la watoto 50 lina sita au saba.

Kwamba minyoo bado wana zamu yao?

Hakuna mzazi wa Meru au Embu anayepaswa kuruka hatua hii. Minyoo, ameba, kufunga choo na njaa ya kawaida ya mtoto aliyetoka nyumbani bila uji, vyote huumiza tumbo. Kenya imekuwa na mpango wa kitaifa wa kutoa dawa za minyoo shuleni tangu 2009. Ng'ambo tu ya mpaka wa Embu, katika mifereji ya mpunga ya Mwea kaunti ya Kirinyaga, kichocho cha utumbo ni ugonjwa unaofahamika miaka mingi, na watoto wa Embu wana binamu wa kuwatembelea huko. Chai ya maziwa nayo ichunguzwe: watu wengi wa ukanda wetu, kadiri wanavyokua, hupungukiwa na uwezo wa kusaga sukari ya maziwa.

Kuna dalili ambazo hazingoji mwanasaikolojia wala jirani mwenye ushauri. Damu kwenye choo, kutapika majimaji ya kijani, homa, kupungua uzito au kutorefuka, kuhara kusikokoma, maumivu yanayomwamsha mtoto usingizini, tumbo gumu lisilotaka kuguswa, maumivu makali yaliyohamia chini upande wa kulia. Huyo ni wa hospitali leo hii, si kesho.

Tatizo jingine liko upande wa pili. Mtoto amepimwa vizuri, hana lolote, na bado anazungushwa: zahanati wiki hii, kliniki ya mjini wiki ijayo, maabara nyingine mwisho wa mwezi. Hatimaye kipimo kimoja kitasema kitu. Kipimo cha Widal cha homa ya matumbo, kilichobuniwa mwaka 1896 na kingali kinatumika katika maabara zetu, hutafuta kingamwili tu. Kinaweza kuonyesha alama kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya kitu kingine kabisa. Basi mtoto anapewa dawa za taifodi kwa mara ya tatu mwaka huo. Gharama ni jambo moja. Jambo la pili ni somo analopata mtoto mwenyewe: kwamba ndani yake mna ugonjwa mkubwa uliojificha, ambao hata watu wazima umewashinda kuupata.

Kwamba pacha wako anaweza kukufanana tumbo kidogo kuliko mama yako?

Rona Levy wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti wa jozi zaidi ya 6,000 za mapacha. Waliuliza juu ya ugonjwa wa utumbo mwepesi kukasirika, ule wa watu wazima unaoleta maumivu, kuhara na kufunga choo. Mapacha wa kufanana walishirikiana ugonjwa huo zaidi kuliko wasiofanana, dalili kwamba urithi wa damu una nguvu. Lakini kwa mapacha wasiofanana, kuwa na mama mwenye ugonjwa huo kulikuwa na uzito zaidi (asilimia 15.2) kuliko kuwa na pacha mwenye ugonjwa huo (asilimia 6.7). Kwa hesabu ya urithi peke yake namba hizo zingekaribiana, maana mama na pacha wa namna hiyo wote wanachangia na mtu kiasi kile kile cha damu. Watafiti wakahitimisha kwamba mbali na damu kuna kujifunza. Mtoto anamwona mama akishika tumbo na kulala mchana, anasikia yanavyosimuliwa maumivu, anaona nyumba inavyonyamaza.

Kwamba katika tiba ya kisaikolojia ya tumbo mzazi ndiye hupewa dozi?

Levy huyo huyo ndiye aliyeijaribu tiba hiyo. Mwaka 2010 yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la watoto 200 na wazazi wao. Nusu walipata vikao vitatu vya kujifunza kutulia, kuyapima upya mawazo ya kuogofya, na hasa kubadili jinsi familia inavyoitikia maumivu. Nusu nyingine walipata vikao vitatu vya elimu kuhusu tumbo na chakula. Kundi la kwanza lilipata nafuu zaidi kwa maelezo ya wazazi, na wazazi wenyewe wakapunguza kule kubembeleza maumivu. Mwaka 2017 wakaenda mbali zaidi: katika familia zaidi ya 300 walimfundisha mzazi pekee, wengine ana kwa ana, wengine kwa simu tu, na kundi la kulinganisha likapewa elimu tu. Mtoto hakuhudhuria. Simu ilifanya kazi sawa na ofisi. Wazazi waliacha kuwaza mabaya kupita kiasi, na safari za kliniki zikapungua; kwa kundi la simu, siku za kukosa shule zilipungua pia. Ukali wa maumivu kwa maneno ya watoto wenyewe haukutofautiana sana na kundi la elimu, na hilo lisemwe wazi. Tiba hii kwanza humrudishia mtoto siku zake. Maumivu huweza kufuata kwa mwendo wake.

Kabla ya Levy, Matthew Sanders wa Brisbane, Australia, alikuwa ameonyesha mwaka 1994, kwa watoto 44, kwamba tiba inayoishirikisha familia ilimaliza maumivu kwa watoto wengi zaidi kuliko huduma ya kawaida ya daktari, na baadaye yakarudi kwa wachache zaidi.

Mzazi hufundishwa nini hasa? Si kumpuuza mtoto. Anakiri mara moja, kwa sauti ya kawaida: "Najua linakuuma. Daktari amelipima, si ugonjwa wa hatari." Anamwonyesha kuweka mkono juu ya tumbo na kuvuta pumzi kwa pua mpaka mkono uinuke, kisha kuitoa polepole, mara kadhaa. Halafu siku inaendelea. Kama ni kwenda shule, anakwenda. Kama ni jioni, kuna ng'ombe wa kupewa maji na kuni za kuletwa, na mama yuko hapo hapo wakizungumza habari za mechi au za harusi ya shangazi. Mtoto asiulizwe kila baada ya dakika tano. Likizidi atasema mwenyewe.

Na akibaki nyumbani kwa maumivu, siku hiyo isiwe sikukuu. Hapa kwetu tuna ka-utamaduni ka soda: mtoto mgonjwa hununuliwa soda na biskuti, anawekewa katuni, na hatumwi dukani. Wakati wa malaria inaeleweka. Kwa tumbo la kila Jumatatu, soda hiyo ni mshahara. Mtoto hapangi njama. Mwili hujifunza bila kumshauri mwenyewe. Afadhali alale kitandani na daftari la kazi ya nyumbani, bila runinga, na soda inunuliwe Ijumaa ile aliyokwenda shule siku zote tano.

Mtihani mgumu zaidi ni uso wa mzazi. Mtoto huusoma kabla hajasikia neno.

Kwamba Embu imewafundisha wanasayansi mengi juu ya watoto?

Katika miaka ya 1980, watafiti wa Marekani na Kenya, miongoni mwao Charlotte Neumann na Marian Sigman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walifuatilia familia za wakulima wa Embu kwa karibu mno: nani anakula nini, nani anambeba mtoto, nani anamjibu anapobwabwaja. Matokeo yao yaliyochapishwa 1988 yalionyesha kwamba watoto wadogo waliozungumzishwa sana na kujibiwa sauti zao walifanya vyema zaidi katika vipimo vya akili walipofika umri wa miezi 30.

Neumann alirudi Embu mwaka 1998, safari hii shuleni. Katika shule 12 za msingi watoto walipewa githeri wakati wa mapumziko: wengine iliyoongezwa nyama, wengine pamoja na maziwa, wengine iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa chochote. Waliokula nyama walipiga hatua kubwa zaidi katika kipimo cha kufikiri, na uwanjani walicheza kwa nguvu na kuongoza wenzao zaidi.

Ukiweka Embu ya 1988 kando ya Nashville ya 2006, utadhani zinapingana: huku kumjibu mtoto kunamkuza, kule kumjibu kunamwongezea malalamiko. Nadhani hazipingani. Embu walipima mazungumzo na mtoto, Nashville walipima mazungumzo na tumbo. Mtoto anayezungumzishwa tu anapoumwa atakuwa na sababu nyingi za kuumwa. Yule anayeulizwa habari za mwalimu mpya, sungura wake na ndoto ya jana, hana haja ya kupita njia ya tumbo ili asikilizwe. Ndiyo maana wataalamu humtaka mzazi atenge dakika chache za kila siku na mtoto, siku ambazo hakuna kinachouma.

Kwamba tumbo lina kalenda?

Katika shule 23 za msingi kusini-mashariki mwa Kenya, Profesa David Ndetei na wenzake waliwahoji wanafunzi zaidi ya 2,000 wa madarasa ya juu. Katika matokeo yaliyochapishwa 2016, tatizo lililoongoza yote lilikuwa malalamiko ya mwili: maumivu ya kichwa, tumbo na mengineyo, kwa asilimia 29.6. Huzuni na hofu zilifuata kwa mbali. Watoto wetu husema kwa mwili yale ambayo hawana nafasi ya kuyasema kwa mdomo.

Basi mzazi anunue daftari la bei nafuu, aandike kimya kimya, bila kumhoji mtoto: siku, saa, alichokula, kilichokuwa kinangoja. Baada ya wiki tatu kurasa huanza kusema. Jumapili jioni, kabla ya kurudi bweni. Asubuhi ya jaribio la hisabati. Kila baada ya chai ya maziwa. Siku za mwalimu fulani tu, na hapo mzazi aende shuleni kuuliza, kwa kuwa kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001 na bado hakijaisha mikononi mwa wengine. Kumpeleka mtoto shuleni licha ya tumbo ni tiba, lakini shule yenyewe iwe mahali salama. Tumbo linalotulia kabisa wiki ya pili ya likizo limekwisha kueleza karibu kila kitu.

Kwamba dawa ya uongo iliwapa nafuu zaidi ya nusu ya watoto?

Katika jaribio la Marekani la 2009, watoto wenye maumivu haya walipewa dawa ya amitriptilini au kidonge kisicho na dawa. Karibu sita kati ya kila kumi walijisikia nafuu, pande zote mbili.

Kule Uholanzi, mtafiti Arine Vlieger alijaribu kuwatuliza watoto kwa maneno na taswira zinazoelekezwa tumboni. Baada ya mwaka mmoja tiba hiyo ilikuwa imefanikiwa kwa asilimia 85 yao, dhidi ya 25 kwa huduma ya kawaida. Baadaye Waholanzi waligundua kwamba rekodi ya sauti ya kusikilizwa nyumbani inakaribia kuwa sawa na mtaalamu.

Kwamba mwalimu wa tiba si lazima awe daktari?

Wanasaikolojia wa watoto ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Lakini mpango wa Shamiri, ulioanzishwa na kijana Mkenya Tom Osborn, ulitumia vijana waliotoka tu sekondari kuendesha vikao vya saa moja kwa wiki, kwa wiki nne, katika shule za Nairobi na Kiambu. Katika jaribio la wanafunzi 413 lililochapishwa 2021, huzuni na wasiwasi vilipungua zaidi kuliko katika kundi la kulinganisha. Na tangu Septemba 2023 serikali ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaotembea nyumba hadi nyumba na mikoba yenye mashine ya shinikizo la damu na kipimo cha sukari. Hao tayari wanazijua nyumba zetu kwa majina ya mbwa wake.

Vikao vitatu vya wazazi, ana kwa ana au kwa simu, vingewezekana Igembe ya Meru na Mbeere ya Embu kama vilivyowezekana kwa Levy kule Marekani. Ila vya kwetu vingehitaji kiti cha ziada. Watoto wengi wa Meru na Embu hushinda na nyanya wakati mama yuko kwenye majani chai na baba yuko miraani au mjini. Mama akijifunza kunyamazia tumbo huku nyanya akichemsha maji ya tangawizi na kuuliza kila saa linaendeleaje, kazi yote inavunjwa kabla ya jua kutua. Nyanya aalikwe kikao cha kwanza kabisa, aketi mbele, na aulizwe yeye alifanyaje na watoto wake saba walipoumwa na tumbo siku ya kuchuma kahawa.